Darasa Lisilopata Hasara

Ngamiani, Tanga
Ijumaa, baada ya alasiri

Mwanangu Athumani,

Sikuulizi hali, kwa kuwa nakusikia hapo chumba cha pili ukibishana na mama yako juu ya blanketi. Lichukue. Moshi kuna baridi, na hata kama baridi yenyewe ni ya kusimuliwa tu, ukilichukua atanyamaza. Mambo ya blanketi, dawa ya homa, na namna ya kukaa na wenyeji wako sitayagusa humu. Mama yako ameyamaliza, na aliyoyasahau atakukumbusha kesho stesheni mbele za watu.

Mimi nina jambo moja tu. Nimeandika ukurasa huu mara tatu nikauchana, na mama yako ameshaniuliza kama najifunza kuandika uzeeni.

Jana wazee walipokuja kukuaga, ulimsikia Mzee Kombo. Alisimama na bakora yake akasema, "Kijana huyu hatumtilii shaka. Katoka nyumbani kwa Mwalimu Bakari, mwenye darasa lisilopata hasara." Watu wote wakaitikia, nawe ukanitazama kwa fahari. Mimi nikajitia kunywa kahawa iliyokwisha kikombeni. Wageni walipotoka ukanijia: "Baba, niandikie basi ile njia yako. Vijana ishirini wa shule ya jioni watakuja na fedha za kweli za wazee wao, wanunue na kuuza mbele yangu. Mie sijui nianzie wapi."

Naanza kwa kukwambia kwamba darasa langu lilipata hasara. Lilipata mara tatu. Niliificha kila mara, na kwa sababu ya kuificha, Bi Rehema wa Mkwaja alipoteza shamba lake la minazi. Mama yako nimemwambia leo adhuhuri. Wewe ni wa pili kujua.

Sasa nivumilie nikueleze vizuri, usije ukadhani nilianza kwa ubaya.

Unakumbuka miaka ile ya vita vya Korea, mkonge ulipopanda bei mpaka makarani wa mashamba wakawa wanavaa saa mkono huu na mkono huu. Kila kijana wa Ngamiani alitaka kuwa tajiri ifikapo Ijumaa. Mimi nilikuwa karani wa ghala kule bandarini, na kila Jumamosi alasiri nilifundisha biashara vijana kumi na mmoja hapa ukumbini petu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ukitupitia katikati na mpira. Nilifundisha kwa kitabu. Bwana A ananunua kwa bei hii, anauza kwa bei hii, je, amepata nini? Siku moja Salimu, mtoto wa Bi Rehema, akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu Bwana A kila siku anapata faida. Anatumia dawa gani?" Darasa zima likaanguka kicheko. Mimi nikakasirika, na usiku sikulala vizuri, kwa kuwa mtoto yule alisema kweli. Nilikuwa nafundisha biashara ya mtu asiyekuwepo.

Ndipo nikaanzisha mfuko. Kila mwanafunzi alileta shilingi kumi kutoka kwa mzazi wake, nami nikaweka masharti. Wao ndio watakaochagua cha kununua, mimi nisiseme neno. Kabla ya kununua kila mmoja aeleze kwa mdomo wake kwa nini anakubali au anakataa. Na bidhaa ikishauzwa, turudi tukae, tuyatazame yale tuliyosema na yale yaliyotokea. Mpaka leo sijaona njia bora kuliko ile, na ikiwa ni hiyo unayoitaka, ichukue yote. Mwanzo walinunua vitunguu, wakapata faida ya haki, ndogo, iliyowafurahisha kupita kiasi.

Halafu ikaja mbata. Ilikuwa wakati wa vuli, mvua haikatiki. Watatu kati yao, Salimu akiwa mbele, walikwenda mpaka Ushongo wakakuta watu wanauza nazi zilizokaushwa kwa haraka, bei rahisi ajabu. Walirudi na frasila nane kwenye magunia, wamelowa wao na magunia yao, wanaimba. Nikatia mkono guniani nikatoa kipande, nikakikunja. Mbata iliyokauka huvunjika na mlio. Ile ilipinda, ikarudi, ikaniacha na unyevu kidoleni. Nilijua palepale kwamba wamenunua maji kwa bei ya mbata, na kwamba zikikaa wiki tatu uzito utashuka na ukungu utapanda.

Sikusema neno. Naomba uamini kwamba kunyamaza kule ndiko kulikuwa kufundisha. Hasara yenyewe ilikuwa ndogo, shilingi arobaini hivi kwa watu kumi na mmoja, na wangeikumbuka maisha yao yote kila wakishika kipande cha nazi. Nilikuwa nimewapikia somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha. Lililobaki lilikuwa kuliacha liive.

Siku ya kuuza nilikwenda ghalani peke yangu, kwa sababu tajiri mwenye ghala hakutaka vijana kumi na mmoja wazunguke mzani wake. Frasila nane zikatoka sita kasoro, na mpimaji akakata bei kwa ajili ya ukungu. Nikatoka nje na fedha mfukoni, na kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ambayo wazazi walikuwa waje kusikia mfuko wa watoto wao unaendeleaje. Mzee Kombo, ambaye mwanawe alikuwemo, alikuwa amenambia kwa mzaha siku anatoa zile shilingi kumi, "Mwalimu, hizi nilikuwa nimeziweka za sanda yangu." Mzaha wake ule ulinikaa shingoni njia nzima. Nikawaona akilini wazee wamekaa hapa ukumbini, nami nimesimama nawaambia, "Nilijua, nikanyamaza, wamepoteza." Nani angeelewa? Wangesema Bakari amekula fedha za watoto.

Nikafika barabara ya saba, kwa fundi baiskeli, nikauza baiskeli yangu.

Naam. Haikuibwa kama nilivyowaambieni. Nimeliandika.

Ilitosha kulipa hasara ile, na ikabaki ya kufunika nyingine mbili zilizofuata. Na hata sikuishia kulipa hasara. Niliongeza na faida kidogo juu, nikijidai kwamba fedha ikirudi sawasawa watashuku. Uongo. Niliongeza kwa sababu nilitaka kupigiwa makofi, na Jumapili ile nilipigiwa.

Wewe ulizunguka Ngamiani siku nne, kutoka barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, ukikagua kengele ya kila baiskeli ukitafuta ule mkwaruzo ulioutia wewe. Siku ya nne ukamshika muuza maziwa ukampigia ukelele wa mwizi, naye akakuzaba kofi mbele ya watu. Nilikuja kukuchukua. Ulilia mpaka hapa mlangoni, ukisema, "Baba, nilidhani ndiyo yenyewe." Nikakufuta machozi, nikakununulia kashata. Kati ya yote ninayokuandikia leo, kashata ile ndiyo inayonitia haya zaidi.

Mama yako naye hakukaa kimya. Alitaka asomewe mwizi halbadiri, na alikwisha kuzungumza na mashehe wawili. Unakumbuka mimi nilivyosimama kidete? "Tumsamehe, huenda ana dhiki." Mtaa mzima ukanisifu kwa moyo wa huruma. Mwanangu, sikuwa na huruma yoyote. Nilikuwa namwogopa Mungu asije akaijibu ile dua, akanikuta nimekaa mlangoni pangu. Leo nilipomwambia mama yako alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Kwa hivyo miaka minane yote hii, kila nikimwapiza yule mwizi baada ya sala, ni weye niliyekuwa nikikuapiza?" Nikasema ndiyo. Akachambua tena kidogo, akasema, "Ndiyo maana magoti hayakuachi." Baada ya hapo hakucheka, wala mimi.

Haya, mama yako anatuita kula.

Tumekula. Umeniuliza mbona sili, nikasema nimeshiba. Nilikuwa na nafasi ya kukwambia kwa mdomo, sinia moja, mkono wangu karibu na wako, na nikazungumzia samaki. Ndivyo nilivyo. Hebu niendelee kabla maghribi haijaadhiniwa.

Jumamosi iliyofuata mauzo ya mbata tulikaa, kama sharti letu, kujiuliza nini kilitokea. Wote walijua wamepata faida. Salimu akasimama. Alikuwa na miaka kumi na tisa, msemaji, na macho yake yakiwaka akieleza jambo. Akasema, "Mwalimu, tumefaulu kwa sababu tulinunua wakati wa mvua. Wengine wanaogopa mbata za mvua, ndiyo maana tulipata rahisi. Unyevu si kitu." Wenzake wakakubali. Wakangoja nami nikubali. Nilikuwa na chaki mkononi. Ningeweza hata kusema kwamba tulibahatika tu, neno moja la shaka lingetosha. Nikageuka nikaandika ubaoni, kwa mkono huu ninaokuandikia: Nunua wakati wengine wanaogopa. Nao wakanakili.

Mwaka uliofuata, vuli nyingine, Salimu alimwendea mama yake. Bi Rehema ni mjane, na mumewe alimwachia minazi sitini na mitatu aliyoipanda mwenyewe. Salimu akamwonesha yale aliyonakili. Akamwambia, "Mama, hili nimelifanya kwa mkono wangu, na Mwalimu ameliandika." Wakaliuza shamba kwa tajiri mmoja wa Pangani kwa bei ya khiyari, ile ambayo ukirudisha fedha ndani ya mwaka shamba linarudi kwako, na mwaka ukipita halirudi. Salimu akazunguka Ushongo na vijiji vya jirani mvua ikinyesha, akanunua mbata zote zilizoogopwa na wengine. Akajaza chumba. Akazingoja.

Zilioza, Athumani. Zile za katikati ziliota ukungu mweusi, na zile za pembeni zilishuka uzito mpaka magunia yakalegea yenyewe. Alichopata hakikufika hata nusu ya fedha ya shamba. Mwaka ukapita.

Alikuja hapa. Wewe ulikuwa shuleni. Hakukaa kitini, alikaa chini pale penye ubao. Hakuja kulaumu. Laiti angekuja kulaumu! Alikuja na daftari lake, akasema kwa adabu kabisa, "Shikamoo Mwalimu. Nimehesabu kila kitu mara mbili. Zetu za mwaka juzi zilikuwa mbichi vilevile, nakumbuka, nilizibeba mwenyewe. Zikaleta faida. Hizi zimeniua. Nambie, Mwalimu, mie nimekosea wapi?"

Nimejibu maswali mengi ya wanafunzi. Hilo jibu lake nilikuwa nalo tayari, zima, katika maneno matano: Zile nazo zilileta hasara, Salimu. Ningelitamka, angejua kwamba hakuwa mjinga. Angejua kwamba alifundishwa vibaya, na mtu wa kumdai angemjua.

Nikamwambia, "Biashara ni bahati pia."

Akafunga daftari, akasema, "Basi mie sina bahati," akaaga. Wiki ile ile nikalivunja darasa. Watu nikawaambia bei ya mkonge imeanguka na hali imekuwa ngumu, wakaniamini, kwa sababu kweli ilikuwa imeanguka. Ndivyo darasa likabaki na jina lake safi.

Ungedhani nilishamaliza kujiaibisha. Mwaka jana nilikwenda Mkwaja mazikoni, unakumbuka nilirudi na homa. Haikuwa homa. Baada ya kuzika nilipita penye lile shamba, nikasikia sauti juu ya mnazi: "Shikamoo Mwalimu!" Salimu alikuwa juu. Sasa ni mkwezi. Tajiri wa Pangani humlipa kwa kila mnazi anaoukwea, na minazi anayoikwea ni ile sitini na mitatu ya baba yake. Akateremka na madafu mawili, akayafua kwa panga lake, akanipa moja. Kifua chake kimekwaruzika chote. Akaniuliza habari zako. Nikamwambia unasoma vizuri. Akasema, "Mfundishe mwenyewe, Mwalimu. Watu wa kufundisha kama wewe hawapo tena." Nikanywa dafu lile mpaka mwisho. Nilitaka kumlipa, akakataa, akasema, "Dafu moja la mwalimu wangu halijanishinda." Bi Rehema alikuwa amesimama uwanjani kwake, mbali kidogo, akanipungia mkono. Nikageuka nikaondoka. Tangu siku hiyo kila nikisikia mtu analitaja darasa langu, nasikia lile panga.

Kwa hiyo, unapouliza njia yangu, njia yenyewe ni nzuri. Aliyeiharibu ni mwenye njia. Vijana wako walete fedha ya kweli lakini kidogo, ambayo mzazi akiipoteza atanung'unika, halafu alale. Waende wao wenyewe wakanunue, na siku ya kuuza nenda nao wote ishirini mpaka mzanini, hata mwenye ghala akikasirika. Akikataa, tafuta ghala jingine. Mtu mmoja asiende peke yake kwenye mzani, hasa akiwa ni wewe. Huko uendako ni mahindi na maharage, nayo hulowa. Utashika punje utajua, nao hawatajua, na ulimi utakuwasha. Nyamaza. Na wakishapoteza, kaa nao pale chini walipoketi. Utawaona nyuso zao na utataka kutia mkono mfukoni, maana una moyo mwepesi, umeuchukua kwangu. Nakuomba sana, mwanangu, usiutie. Nilidhani nawaonea huruma vijana wangu. Nilikuwa najionea huruma mimi, na bili nikamwachia mjane.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na sina haki ya kukuamuru. Wazee wa Moshi wamekuchagua kwa sababu ya jina la darasa langu. Waliandika hivyo katika barua yao, nawe umeitunza. Waambie. Kabla hujapokea shilingi ya kwanza ya mtoto wa mtu, waambie kwamba darasa la baba yako lilipata hasara na akaificha. Huenda wakakurudisha kwa garimoshi linalofuata. Ikiwa hivyo, rudi, chumba chako kipo, na mimi nitakuja kukupokea na sitakuwa na uso wa kukulaumu. Nami Mzee Kombo nitamwambia mwenyewe, mbele ya wale wale walioitikia jana. Usiku mwingi nimekuwa nikijiuliza kama ni haki kukuharibia kazi ili mimi nipumue. Sijui. Najua tu kwamba ukianza juu ya jina lile, siku mahindi yatakapooza utalilinda, kama nilivyolilinda.

Nakupenda, Athumani. Sijawahi kukuandikia neno hili, na nasikitika kwamba limekaa katika barua ya namna hii.

Sasa la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nikae tangu alasiri.

Garimoshi lako linaondoka saa mbili asubuhi. Basi la Pangani linaondoka saa kumi na mbili na nusu. Barua hii mama yako atakupa stesheni, kwa hiyo unapoisoma umeshaanza kuuliza, "Baba yuko wapi?" Usinitafute kwenye umati, sitakuwemo. Basi liko na keshokutwa pia, nalijua hilo. Lakini nimekuwa na keshokutwa kwa miaka minane. Nikija stesheni nitakushika mkono, nitalia, watu watasema mzee Bakari ana mapenzi kwa mwanawe, nami nitarudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu, na Mkwaja sitakwenda tena. Nimejijua. Kwa hiyo nitakutazama umelala, alfajiri, halafu nitatoka. Nisamehe kwa hilo kuliko kwa baiskeli.

Fedha ya kulikomboa lile shamba sina, na hata ningekuwa nayo, muda wake ulipita. Sijui watanifanya nini. Huenda Bi Rehema akanifukuza uwanjani kwake, na itakuwa haki yake. Nitakapofika, Salimu atakuwa juu ya mnazi. Nitasimama chini nimngoje ateremke, mnazi baada ya mnazi, hata ikiwa yote sitini na mitatu. Aliniuliza swali, mwanangu. Nakwenda kumjibu.

Baba yako,
Bakari